Kisa cha 4,294,967,297: namba iliyodhaniwa tasa kwa miaka 92

Kwa Kiswahili namba hii husomwa bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na elfu sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Kwa kuitazama tu haina kinachovutia. Si shufwa, haiishii na 0 wala 5, na tarakimu zake zikijumlishwa zinatoa 59, kwa hiyo 3 haiigawi. Hata hivyo namba hii ndiyo iliyoangusha dai la Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse ambaye hisabati kwake ilikuwa kazi ya saa za mapumziko, na ambaye madai yake mengine mengi aliyoyaacha bila uthibitisho yalikuja kuonekana kuwa ya kweli.

Wako wasomaji waliokwisha kugongana na jirani yake bila kujua. Yeyote aliyejaribu kunakili filamu ndefu kwenye flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, akaambiwa kwamba faili ni kubwa mno ilhali flashi ina nafasi tele, aligonga ukuta wa baiti 4,294,967,295, ambao ndio ukubwa wa juu wa faili moja katika mfumo huo. Ukubwa wa faili huandikwa humo kwa biti 32, yaani tarakimu 32 ambazo kila moja ni 0 au 1, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti 32 ni 2³² ikipunguzwa 1. Namba yetu ni 2³² ikiongezwa 1, kwa hiyo inampita jirani huyo kwa 2 tu. Ikiandikwa kwa biti ni 1, zikafuata sifuri 31, kisha 1 nyingine, na kompyuta ya biti 32 inayolazimishwa kuihifadhi hupoteza ile 1 ya mwanzo na kubaki na 1 ya mwisho peke yake. Jirani huyo wa flashi tutarudi kwake, maana undugu wao si wa kukaa karibu tu.

Dai lenyewe ni la 1640. Katika barua alizowaandikia wenzake wa mjini Paris, Frenicle akiwa mmojawapo, Fermat alieleza kwamba namba zinazopatikana kwa kuongeza 1 kwenye 2 iliyopandishwa kwa vipeo 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila kipeo kikiwa maradufu ya kilichotangulia, zote ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Za mwanzo ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, na kweli hizo tano ni tasa. Ya sita ni 4,294,967,297. Leo namba hizi huitwa namba za Fermat na huandikwa F₀, F₁, F₂ na kuendelea, kwa hiyo namba yetu ni F₅.

Kuchagua vipeo vinavyozidi maradufu hakukuwa kubahatisha. Kipeo chenye kigawo witiri zaidi ya 1 huharibu kazi moja kwa moja: 2⁶ + 1, kwa mfano, ni 65, nayo inagawanyika kwa 5 kwa sababu 6 ni 2 mara 3, na 2² + 1 ni 5. Kwa hiyo anayetafuta namba tasa za umbo hili hana budi kubaki na vipeo ambavyo havina kigawo witiri, na hivyo ndivyo 1, 2, 4, 8, 16, 32. Sehemu hiyo ya hoja ya Fermat ni sahihi kabisa. Alichokosa ni upande wa pili: kwamba kipeo kinachofaa kinatosha kuifanya namba iwe tasa. Kwa haki yake, mwanzoni hakuficha hali hiyo. Alikiri kwamba hakuwa na uthibitisho kamili, ingawa alikuwa amekwisha kuondoa vigawo vingi kwa hoja za uhakika. Lakini miaka ilivyopita shaka ilipungua badala ya kuongezeka, na mwaka 1659, katika barua aliyomwandikia rafiki yake Carcavi, aliliorodhesha dai hilo miongoni mwa mambo ambayo njia yake ya kushuka bila kikomo, yaani kuonyesha kwamba mfano mmoja wa kinyume ungezaa mwingine mdogo zaidi bila mwisho, ilimwezesha kuyashughulikia.

Hapa ndipo kisa kinapohitaji kuchambuliwa kwa makini, kwa sababu maelezo ya haraka, kwamba namba ilikuwa kubwa mno kwa mtu wa karne ya 17 mwenye kalamu na karatasi, hayasimami. Ili kuhakiki kama 4,294,967,297 ni tasa, inatosha kujaribu namba tasa zisizozidi kipeuo chake cha pili, ambacho kinazidi 65,536 kwa kiasi kidogo sana. Chini ya hapo ziko namba tasa 6,542. Hiyo ni kazi ya miezi, na ni haki mtu kuikwepa. Lakini kigawo kilichofichika humo ni 641, na 641 ni namba tasa ya 116 ukihesabu kuanzia 2. Mwanafunzi mwenye subira, asiye na nadharia yoyote kichwani, ambaye angeanza na 3, 5, 7, 11 na kwenda mbele kwa utaratibu, angeifikia katika jaribio la 115. Kwa kuchukua dakika tano kwa kila jaribio, na hizo ni nyingi, hiyo si kazi ya saa 10 kamili.

Na Fermat hakuwa mtu asiye na nadharia. Mwaka huohuo wa 1640 ndio aliomwandikia Frenicle kanuni ambayo leo inabeba jina lake: namba tasa p ikiwa haiigawi a, basi a iliyopandishwa kwa kipeo p − 1 ikigawanywa kwa p huacha baki ya 1. Aliitumia mwenyewe mara moja. Alipotaka kujua kama 2³⁷ − 1, yaani 137,438,953,471, ni tasa, hakuanza kugawa ovyo. Alionyesha kwamba kila kigawo tasa chake lazima kizidi kigawe fulani cha 74 kwa 1, akajaribu vichache, akakuta 223. Silaha iliyohitajika dhidi ya F₅ ilikuwa mkononi mwake, na ilikuwa imekwisha kuua mnyama mkubwa zaidi.

Ili kuona silaha hiyo inavyofanya kazi, tuhesabu kwa baki, kama tunavyohesabu saa: ukiwa saa nne na ukaongeza saa kumi, husemi saa kumi na nne, unasema saa mbili, kwa sababu kila kumi na mbili inatupwa. Sasa chukua namba tasa yoyote p inayoigawa 2³² + 1 bila baki. Kwa kutupa vigawe vyote vya p, 2³² inakuwa sawa na −1, na 2⁶⁴, ambayo ni 2³² mara 2³², inakuwa sawa na 1. Kipeo kidogo kuliko vyote kinachoirudisha 2 kwenye 1 lazima kiigawe 64, lakini hakiwezi kuwa 32 wala kigawo chochote cha 32, maana kingekuwa hivyo 2³² ingekuwa 1 badala ya −1. Kwa hiyo kipeo hicho ni 64 yenyewe. Kanuni ya Fermat nayo inasema kwamba kipeo p − 1 pia kinairudisha 2 kwenye 1, na hilo haliwezekani ila p − 1 iwe kigawe cha 64. Basi kila kigawo tasa cha 4,294,967,297 ni kigawe cha 64 kikiongezwa 1, na namba tasa 6,542 zinapungua ghafla hadi kuwa chache sana.

Tuziorodheshe za mwanzo. Vigawe vya 64 vikiongezwa 1 ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Kati ya hizo, zilizo tasa ni 193, 257, 449, 577 na 641. Ukigawa namba yetu kwa 193 unabaki na 109. Kwa 257 unabaki na 2. Kwa 449 unabaki na 325. Kwa 577 unabaki na 288. Na kwa 641 hubaki na kitu. Ni migawanyo mitano. Hesabu hizo nilizifanya kwa kalamu nyuma ya bahasha, na sehemu iliyochukua muda mrefu ilikuwa kuhakikisha kwamba sikukosea kwenye 449.

Kwa hiyo swali la kisa hiki si kwa nini Fermat hakuweza, bali kwa nini hakufika. Jibu la hakika halipo katika barua zake. Mimi naelekea kuamini kwamba alijaribu, na kwamba mahali fulani kati ya 193 na 641 aliteleza katika kugawa au kutoa, akaandika baki pasipo na baki, kisha hakurudi nyuma kwa sababu alikuwa na imani na dai lake kuliko alivyokuwa na shaka na hesabu zake. Mtu anayesema ameondoa vigawo vingi kwa hoja za uhakika ni mtu aliyekwisha kuanza kutembea katika njia hii hasa. Ni dhana yangu tu, lakini inaeleza mambo vizuri kuliko ile inayosema kwamba namba ilimshinda kwa ukubwa.

Fermat alifariki mwaka 1665 na dai likabaki. Tarehe 1 Desemba 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler, kijana wa miaka 22 aliyekuwa katika Chuo cha Sayansi cha St Petersburg, na mwishoni mwa barua akamuuliza kama anafahamu kwamba Fermat alisema namba zote za umbo hili ni tasa. Mwanzoni Euler hakuonyesha hamu kubwa. Goldbach hakuliacha, na hatimaye Euler akaanza kuwasoma waliotangulia katika nadharia ya namba, uwanja ambao baadaye aliufanyia kazi maisha yake yote. Mwaka 1732 aliwasilisha andiko fupi lililosema kwamba 4,294,967,297 inagawanyika kwa 641. Kigawo cha pili ni 6,700,417. Katika andiko hilo hakueleza alivyokipata kigawo. Uthibitisho wa umbo la vigawo, ule wa vigawe vya 64 vikiongezwa 1, aliutoa miaka mingi baadaye. Kutoka 1640 hadi 1732 ni miaka 92.

Atakayetaka kuhakiki atazidisha: 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200, na mara 41 ni 274,717,097, jumla yake ni 4,294,967,297. Lakini iko njia ya kupendeza zaidi, isiyohitaji kuzidisha namba kubwa hata moja. Namba 641 inaweza kuandikwa kwa namna mbili: ni 5 mara 128 ukiongeza 1, na pia ni 625 ukiongeza 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Kwa hesabu ya baki za 641, namna ya kwanza inasema kwamba 5 mara 2⁷ ni sawa na −1. Pandisha pande zote mbili kwa kipeo cha nne: 5⁴ mara 2²⁸ ni sawa na 1. Namna ya pili inasema kwamba 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka hii ndani ya ile, unapata kwamba −2³² ni sawa na 1, yaani 2³² + 1 ni sawa na 0. Kwisha. Mistari mitatu inatosha kuliangusha dai la karne nzima, ingawa lazima tukubali kwamba ni rahisi kuiandika baada ya mtu kukwisha kujua kwamba 641 ndiyo inayotafutwa.

Mwaka 1878 Édouard Lucas aliiboresha kanuni ya Euler kwa kuonyesha kwamba vigawo tasa vya namba hizi, kuanzia F₂, ni vigawe vya umbo kubwa maradufu, na kwa F₅ hilo linamaanisha vigawe vya 128 vikiongezwa 1. Orodha sasa inakuwa 129, 257, 385, 513, 641. Ya kwanza, ya tatu na ya nne si tasa. Ya pili, 257, ni F₃, na kama tutakavyoona namba mbili za Fermat haziwezi kugawana. Kwa maneno mengine, mwenye kanuni ya Lucas hugonga kigawo katika jaribio lake la kwanza.

Kanuni hiyohiyo inamaliza swali la kigawo cha pili, ambalo wengi hulipita. Tumejuaje kwamba 6,700,417 haigawanyiki tena? Kigawo tasa chochote cha 6,700,417 ni kigawo cha F₅ pia, kwa hiyo lazima kiwe kigawe cha 128 kikiongezwa 1, na kidogo zaidi kati ya hivyo hakiwezi kuzidi kipeuo cha pili cha 6,700,417, ambacho ni 2,588 na ushei. Ukiondoa 257, namba tasa za umbo hilo zilizo chini ya hapo ni 641, 769, 1,153 na 1,409 tu. Baki zake ni 44, 120, 334 na 622. Hakuna iliyotoa sifuri, kwa hiyo 6,700,417 ni tasa, na vigawo vyote vya namba yetu ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.

Kuna upande mwingine wa kisa ambao kwangu ndio wenye utamu zaidi. Kanuni ya Fermat inaweza kutumika kama kipimo: chukua namba N unayoishuku, pandisha 2 kwa kipeo N − 1, gawa kwa N, na ikiwa baki si 1, basi N si tasa, hata kama hujui kigawo chake hata kimoja. Tukiifanyia hivyo namba yetu, N − 1 ni 2³² yenyewe, ambayo ni kigawe cha 64. Tumekwisha kuona kwamba 2⁶⁴ inaacha baki ya 1. Basi 2 ikipandishwa kwa kigawe chochote cha 64 itaacha 1 pia. Namba yetu inafaulu kipimo! Na si hiyo tu: kila namba ya Fermat, iwe tasa au isiwe, inafaulu kipimo hiki kwa 2, kwa sababu zote zimejengwa kwa 2 kuanzia msingi hadi paa. Ni kama kumwita ndugu wa mshtakiwa kuwa shahidi pekee. Namba za namna hii huweza kuitwa tasa bandia, na ikiwa Fermat aliwahi kuipima namba yake kwa njia hii, kipimo kilimtuliza pale ambapo kilipaswa kumshtua.

Lau angemwita shahidi mwingine, mambo yangekuwa tofauti. Weka 3 mahali pa 2. Kupandisha 3 kwa kipeo 2³² kunasikika kama jambo lisilowezekana, lakini kwa hesabu ya baki ni kuchukua 3, kuizidisha kwa yenyewe, kugawa kwa N na kubakiza baki, kisha kuizidisha baki hiyo kwa yenyewe, na kuendelea hivyo mara 32. Baada ya mara 31 baki ni 10,324,303. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata 106,591,232,435,809, na ukigawa kwa 4,294,967,297 unabaki na 3,029,026,160. Namba tasa ingetoa 1. Kwa hiyo N si tasa, na 641 haijatajwa hata mara moja. Mwaka 1877 Mfaransa mwingine, Pépin, alionyesha kwamba kwa namba za Fermat kipimo hiki cha 3 hakikosei upande wowote: namba ya Fermat kuanzia F₁ ni tasa ikiwa, na ikiwa tu, baki ya hatua moja kabla ya mwisho ni −1, yaani N pungufu ya 1. Kwa F₅ baki hiyo ilipaswa kuwa 4,294,967,296. Imekuwa 10,324,303.

Iko njia ya tatu ya kuikamata namba hii, nayo pia ilikuwa ndani ya himaya ya Fermat. Alijua, na Euler alikuja kuthibitisha, kwamba namba tasa inayoacha baki ya 1 ikigawanywa kwa 4 inaweza kuandikwa kama jumla ya vipeo viwili vya pili, na kwa namna moja tu. Namba yetu inajitangaza yenyewe kuwa jumla ya namna hiyo: ni 65,536² + 1². Kama ingekuwa tasa, isingekuwa na namna nyingine. Lakini inayo: 62,264² ni 3,876,805,696, na 20,449² ni 418,161,601, na jumla ya hizo mbili ni 4,294,967,297 kamili. Kando kidogo, 20,449 nayo ni 143², kwa hiyo namba yetu ni 62,264² + 143⁴, jambo ambalo halina matumizi yoyote ninayoyafahamu ila kwamba linapendeza.

Namna hizo mbili zikishakuwapo, vigawo vyenyewe hutoka bila kutafutwa. Euler ndiye aliyeifanya njia hii kuwa chombo cha kazi. Tofauti ya 65,536 na 62,264 ni 3,272. Tofauti ya 20,449 na 1 ni 20,448. Kigawo Kikubwa cha Shirika cha hizo mbili, ile KKS ya shule ya msingi, ni 8, na zikigawanywa kwa 8 zinabaki 409 na 2,556. Upande wa jumla, 65,536 na 62,264 ni 127,800. 20,449 na 1 ni 20,450. KKS yao ni 50, na zikigawanywa kwa 50 zinabaki tena 2,556 na 409. Chukua nusu ya 8 na nusu ya 50: 4² + 25² ni 641. Chukua 409 na 2,556: 409² + 2,556² ni 6,700,417. Kila ninapoifikia hatua hii huwa nasita kidogo kabla ya kuendelea, kwa namna namba mbili zilizofichwa kwa miaka 92 zinavyojitokeza kwa hesabu za darasa la sita.

Turudi sasa kwa jirani wa flashi. Ukizidisha namba tano za Fermat zilizotangulia, 3 mara 5 mara 17 mara 257 mara 65,537, unapata 4,294,967,295 barabara, yaani F₅ pungufu ya 2. Si sadfa, kila namba ya Fermat ni zao la zote zilizoitangulia likiongezwa 2, kwa sababu 2³² − 1 ni 2¹⁶ − 1 mara 2¹⁶ + 1, na 2¹⁶ − 1 nayo inavunjika vivyo hivyo hadi chini. Kutokana na hilo Goldbach alionyesha mwaka 1730 kwamba namba mbili za Fermat hazina kigawo cha pamoja: kigawo cha F₅ ambacho pia kinaigawa mojawapo ya zilizotangulia kingelazimika kuigawa 2, na namba hizi zote ni witiri. Ndiyo maana 257 ilituachia baki ya 2 hapo juu, na 3, 5, 17 na 65,537 nazo zinaacha 2 ileile.

Vigawo vya 4,294,967,295 vina heshima yake pia. Carl Friedrich Gauss aligundua mwaka 1796, akiwa na miaka 18, kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa na pembe zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa bikari na rula isiyo na alama, na mwaka 1801 akaeleza kwamba idadi yoyote ya pande iliyo zao la namba tasa za Fermat tofautitofauti inakubali kuchorwa hivyo. Pierre Wantzel alithibitisha mwaka 1837 kwamba kwa idadi witiri za pande hakuna nyingine zinazokubali. Kwa kuwa namba tasa za Fermat zinazojulikana ni tano tu, idadi witiri zinazojulikana ni vigawo 31 vya 4,294,967,295 ukiondoa 1, kuanzia pembetatu hadi umbo lenye pande bilioni nne na ushei, ambalo hakuna jicho litakalolitofautisha na duara. Umbo lenye pande F₅ halimo, na kosa ni la 641. Mjerumani Johann Gustav Hermes alitumia takriban miaka 10 kuandika namna ya kuchora umbo la pande 65,537, akamaliza mwaka 1894, na makaratasi yake yamehifadhiwa Göttingen. Nashukuru kwa niaba yake kwamba F₅ haikuwa tasa.

Hiyo 65,537 ndiyo ya mwisho inayojulikana kuwa tasa, na imepata ajira: ndiyo kipeo kinachotumiwa zaidi katika funguo za wazi za RSA zinazolinda mawasiliano ya tovuti, kwa sababu ni tasa na kwa sababu biti zake zilizo 1 ni mbili tu, jambo linalorahisisha kazi ya kompyuta. Baada yake mambo yameharibika moja kwa moja. F₆ ilivunjwa kuwa 274,177 mara 67,280,421,310,721, kazi iliyochapishwa na Fortuné Landry mwaka 1880. F₇ ikasubiri kompyuta hadi 1970, F₈ hadi 1980, F₉ hadi 1990. Kuanzia F₅ hadi F₃₂ zote zimethibitishwa kuwa si tasa, ingawa F₂₀ na F₂₄ zimehukumiwa kwa kipimo cha Pépin peke yake, bila kigawo chao hata kimoja kujulikana. Ya kwanza ambayo hukumu yake haijatolewa ni F₃₃. Ina tarakimu 2,585,827,973, na kipimo kilichoihitaji F₅ kuzidisha baki kwa yenyewe mara 31 kitaihitaji F₃₃ kufanya hivyo mara 8,589,934,591, kila mara kwa namba yenye urefu huo.